HOTUBA YA MWENYEKITI: FAIDA TULIYOIPATA KWA KUMLIPA MSHAURI WA BIASHARA



Kutoka mjini hadi huku Kibosho si mbali, lakini mvua ya jana tunaijua, na viatu vyenu tumeviona. Karibuni sana.

Kamati ya sherehe ilitutaka tuzungumzie mafanikio ya miaka kumi, tangu mwaka 2015 hadi leo. Mafanikio yameandikwa kwenye kurasa za mbele za kijitabu hiki: idadi ya wanachama, hisa, nyumba zilizoezekwa, watoto waliosomeshwa. Atakaye atasoma. Sisi tumeomba tuseme juu ya jambo moja tu ambalo tumeulizwa mara nyingi na vikundi vingine, vya Uru, vya Old Moshi, hata vya kule Mwika. Wanatuuliza, hivi ni kweli ninyi mlimlipa mtu pesa ili aje awaambie habari za biashara yenu wenyewe? Ni kweli. Tulimlipa shilingi laki tatu. Na leo tutawaeleza zilikwenda wapi na zilirudi vipi, pamoja na ile sehemu ambayo kwa miaka mingi tulikuwa tunaikwepa kuisema mbele za watu.

Tuanze na la aibu ndogo kabla ya la aibu kubwa.

Mwaka 2017 tulikuwa na sanduku letu lenye kufuli tatu kama vikundi vyote vya namna hii, na tulisikia kuna mkopo wa halmashauri kwa ajili ya akina mama. Tukaambiwa lazima uwe na andiko la mradi. Sasa jamani, wengi wetu tumeishia darasa la saba, na andiko la mradi hatukufundishwa. Akatokea bwana mmoja wa mjini, amevaa vizuri, ana mkoba, akasema yeye ni mshauri wa miradi. Akataka laki moja na nusu, zote mkononi siku ile ile. Tukampa. Baada ya wiki mbili akaleta kitabu kinene kizuri, kimefungwa kwa plastiki. Tulikizungusha kutoka mkono hadi mkono kama mtoto mchanga, hakuna aliyekisoma. Mpaka binti wa mwanachama mmoja, aliyekuwa kidato cha nne, akakisoma jioni moja nyumbani, akamfuata mama yake jikoni akamwuliza, "Mama, ninyi mnavua dagaa?" Kumbe ukurasa wa saba ulikuwa unaeleza mitumbwi na nyavu za akina mama wa ziwani! Bwana yule alichukua andiko la watu wengine akabadilisha jina juu. (Vicheko.) Mnacheka sasa. Siku ile hatukucheka. Tulimtafuta kwa simu, ikawa haipatikani mpaka leo.

Kwa hiyo mkisikia kwamba baadaye akina mama walipinga kumlipa mshauri wa pili, msiwaone wajinga. Walikuwa na sababu.

Basi, mkopo hatukuupata. Tukasema tutajitegemea. Mwezi wa nne mwaka 2018 tulifungua kibanda cha mtindi mjini, karibu na soko la Mbuyuni. Mawazo yalikuwa mazuri. Kila mmoja wetu ana ng'ombe mmoja au wawili wa ndani, tunawakatia majani, wengine tunashuka hadi tambarare kutafuta mabua ya mahindi na kuyapandisha na gari la kukodi. Maziwa yapo. Kwa nini kila mtu auze lita mbili kwa mchuuzi mlangoni? Tuyakusanye, tuyachemshe, tugandishe, tuuze wenyewe. Tulikuwa tunasikia habari za wenzetu wa Nronga, kule Machame, ambao akina mama wana chama chao cha ushirika wa maziwa tangu miaka ya 1980, tukasema na sisi tunaweza.

Hesabu yetu ilikuwa ya kichwani, na ilikuwa tamu. Tunanunua kwa mwanachama lita shilingi 900. Tunauza mtindi lita shilingi 1,500. Faida shilingi 600. Kwa siku tunakusanya lita 60. Mia sita mara sitini ni elfu thelathini na sita, kila siku ya Mungu! Tulilala tukiota matrekta.

Mtindi ulinunuliwa kweli. Foleni ilikuwepo. Saa saba mchana ndoo zilikuwa tupu. Jioni binti muuzaji analeta pesa kwa mweka hazina, mweka hazina anaziingiza sandukuni, na kodi ya kibanda na mshahara wa binti na umeme vinatoka sandukuni humo humo. Pesa za hisa na pesa za mtindi zilikaa sanduku moja, daftari moja. Hilo tulifanya sisi viongozi. Hakuna mtu mwingine wa kulaumu.

Mnajua mwezi wa kumi na mbili huku kwetu ulivyo. Watoto wote wanarudi nyumbani kutoka Dar es Salaam, Arusha, na kwingineko, mbuzi wanachinjwa, na Januari inasubiri mlangoni na ada za shule. Ndiyo maana huwa tunagawana mwanzoni mwa Desemba. Tulifungua sanduku mbele ya wote, kufuli tatu, funguo tatu. Tukahesabu. Tukahesabu tena. Si kwamba faida haikuwepo. Hata zile hisa zetu wenyewe zilipungua kwa shilingi 985,000.

Hapo ndipo ibilisi alipoingia.

Hakuna aliyesema jambo mezani. Lakini njiani, kisimani, na baada ya ibada, maneno yakaanza. Mtu akapiga hesabu, lita sitini kwa miezi minane, hata ukitoa kodi na mshahara wa binti inabaki zaidi ya milioni sita. Ziko wapi? Na nani anazishika kabla hazijaingia sandukuni? Mweka hazina. Mbona mwaka huu ameweka sakafu ya saruji? (Ile sakafu aliwekewa na mwanawe, na tulikuwa tunajua.) Sisi viongozi tulisikia, na tulinyamaza. Kunyamaza kwetu kuliwafanya watu waamini.

Mama yule hakugombana na mtu. Mwezi wa pili mwaka 2019 alikuja kwenye kikao akiwa na fundo la kanga. Akalifungua mezani. Zilikuwa shilingi laki saba. Alikuwa amemwuza mtamba wake aliyekuwa na mimba, kwa bei ya kutupa kwa kuwa alikuwa na haraka. Akasema, "Sijachukua kitu chenu, lakini siwezi kuishi na macho yenu." Akatoka.

Na sisi, akina mama wenzake, tuliopokea ubatizo wa watoto wake na tuliopika kwenye msiba wa mama yake, tulizipokea zile pesa. Tulizihesabu. Tukaziandika daftarini.

Ameturuhusu kulisema hili leo. Yuko hapa, amekaa pale mbele.

Hata hivyo maneno hayakuisha. Wakasema, ameleta laki saba, basi zimebaki milioni tano na zaidi. Wako waliotaka twende polisi. Wako waliosema tuvunje chungu ili mwizi ajulikane, na ninyi wenyeji mnajua hilo si neno la kulitamka kwa mchezo. Chungu kikishavunjwa, kinakwenda kwa wajukuu. Aliyetuokoa siku ile ni afisa maendeleo ya jamii wa kata, aliyekuja kwa shughuli nyingine kabisa. Alitusikiliza akasema, kabla ya kumtafuta mwizi, hakikisheni kwanza kwamba mmeibiwa. Tafuteni mtu wa mahesabu asiyemjua yeyote kati yenu, mumlipe, akae na biashara yenu siku kadhaa.

Mumlipe! Kikao kililipuka. Bibi mmoja, marehemu sasa, Mungu amrehemu, alisimama akauliza, "Laki tatu ni mbuzi watatu. Mtu ale mbuzi watatu kwa kutuambia habari za ng'ombe wetu?"

Tukajadiliana wiki tatu. Mzee mmoja, mume wa mwanachama, ndiye aliyetufungua macho. Alitukumbusha ile mifereji yetu ya jadi, mifongo, inayoteremsha maji kutoka msituni hadi kwenye vihamba. Akasema babu zetu walikuwa na nguvu za kuchimba, lakini hawakuchimba ovyo. Walimwita kwanza mwenye jicho la kuona maji yatapita wapi, na huyo hakuondoka na mdomo mkavu. Ukikosea mteremko, umechimba kaburi la jasho lako.

Na hata kahawa, jamani. Chama cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro kilianza mwaka 1925, na KNCU ikafuata mwaka 1933. Meneja wa KNCU katika miaka hiyo ya mwanzo alikuwa Mwingereza, A.L.B. Bennett, kwa sababu mambo ya minada na barua za nje na vitabu vya hesabu yalihitaji mtu wa kazi hiyo. Lakini tusisahau upande wa pili, ambao wazee hupenda kuuruka. Mwaka 1937, bei ikiwa mbaya, kulitokea ghasia huku mlimani, wakulima wakilalamikia kulazimishwa kuuza kahawa yao kwa KNCU peke yake. Kwa maoni yetu sisi, mtaalamu akijua hesabu peke yake na mwenye shamba asizijue, siku bei ikianguka mwenye shamba atafikiri ameibiwa, iwe kweli au si kweli. Kwetu ilikuwa hivyo hivyo, tofauti ni kwamba hatukuwa hata na huyo mtaalamu.

Basi tukakubaliana, na safari hii tukawa wakali. Hatukuchukua wa mkoba. Tulipata binti aliyesomea mambo ya ushirika na uhasibu hapa hapa Moshi, kwenye chuo chetu kile kilichoanza mwaka 1963 kama Chuo cha Ushirika na ambacho tangu mwaka 2014 ni Chuo Kikuu cha Ushirika. Kabla ya kumpa hata shilingi, tuliwatuma wanachama wawili kwenda kwa kikundi alichowahi kukisaidia, wakawaulize walengwa wenyewe na si viongozi. Wakarudi wakasema, ni mkali lakini hadanganyi. Tukaandikiana karatasi: atafanya nini, kwa siku ngapi, na malipo mara tatu. Laki moja ya kuanza. Laki moja akishatuonyesha hesabu kwa Kiswahili ambacho kila mtu atakielewa. Laki ya mwisho baada ya miezi sita, na kwa sharti kwamba sisi wenyewe tuwe tunaweza kufanya hesabu ile bila yeye. Sharti hilo la mwisho alilitaka yeye mwenyewe. Hapo tukajua tumepata mtu.

Alikuja, "Shikamooni mama zangu," akakaa. Tulitegemea atatoa hotuba. Hakutoa. Alikwenda kituo cha kupokelea maziwa saa kumi na mbili asubuhi, siku nne mfululizo, akiwa na chupa ya kipimo na daftari la mistari. Akapanda gari pamoja na ndoo. Akakaa kibandani hadi jioni. Aliuliza maswali madogo madogo yaliyotuudhi. Gesi ya kuchemshia mtungi unakaa siku ngapi? Sabuni? Mtindi uliochacha mnautupa wapi? Huyu kondakta aliyechukua lita moja, amelipa? Kesho yake tena, je, amelipa?

Wiki iliyofuata akatuita chini ya huu mti mnaouona. Akabandika karatasi kubwa ukutani. Tutawasomea kama ilivyokuwa, kwa sababu karatasi yenyewe tumeitunza.

Kwa siku moja, maziwa lita 60 kwa 900 ni shilingi 54,000. Usafiri 6,000. Gesi 4,500. Vikombe na sabuni 3,500. Kodi ya kibanda ukiigawa kwa siku, 3,000. Umeme wa friji 1,500. Mshahara wa binti 5,000. Jumla shilingi 77,500.

Tukasema, sawa, na mauzo ni elfu tisini, bado tuna faida. Akasema, mama zangu, ninyi hamjawahi kuuza lita sitini hata siku moja. Lile kopo mlilopokelea maziwa limebonyea tumboni, mnalipa lita sitini na kupokea hamsini na nane. Mkichemsha, lita mbili zinaondoka na mvuke. Nyingine mbili ni za kuchacha na za kuonjesha wateja. Zinabaki 54. Na katika hizo, kila siku lita tano mnakopesha watu ambao hawarudi. Zinazoleta pesa ni lita 49. Kwa 1,500 ni shilingi 73,500.

Mnatumia 77,500, mnapata 73,500. Kila siku mnapoteza shilingi elfu nne, na siku mkiuza sana mnafurahi zaidi.

Akaandika: elfu nne kwa siku thelathini ni 120,000. Kwa miezi minane ni 960,000.

Palikuwa kimya. Hata watoto waliokuwa wakicheza pale nje walinyamaza, sijui kwa nini. Mtu mmoja akauliza kwa sauti ndogo, na zile elfu ishirini na tano zilizobaki kufika 985,000? Binti yule akafungua daftari letu wenyewe, ukurasa wa nyuma kabisa, ambako katibu wetu alikuwa ameandika kwa penseli mchango wa msiba uliotolewa kwa haraka mwezi wa tisa, bila kuuhamishia ukurasa wake. Shilingi 25,000 kamili.

Hakukuwa na mwizi. Zile milioni sita tulizomdai mwenzetu moyoni hazikuwahi kuwepo duniani.

Ndugu Mgeni Rasmi, watu wakituuliza faida ya mshauri wa biashara wanategemea tuseme faida ya fedha, na tutaisema sasa hivi. Lakini kwetu sisi faida ya kwanza ilikuwa ile karatasi ukutani. Tulitoka pale chini ya mti, wote, hata waliokuwa wanataka chungu, tukakata isale, tukaenda nyumbani kwa mweka hazina. Tulikuwa thelathini na moja. Alikuwa anachambua maharage. Tukamkabidhi jani, na laki saba zake. Isale haikataliwi, wenyeji mnajua, akalipokea. Pesa alizipokea vile vile. Lakini hakusema kwamba yameisha, na sisi hatukuwa na haki ya kumwuliza. Kwa mwaka mzima alikuja vikaoni akakaa nyuma, akaweka hisa zake, akaondoka. Mtamba wake tulijaribu kumkomboa, mwenye naye hakukubali, alikuwa amekwisha kuzaa kwake. Mwaka 2021 faida ya mtindi ilipotosha, tulimnunulia mwingine. Uhazini alikubali kuurudia mwaka 2020, kwa sharti moja, kwamba kila Alhamisi karatasi ya hesabu ibandikwe ukutani kila mtu aione. Inabandikwa mpaka leo. Iko pale nyuma yenu.

Sasa ya fedha.

Binti alitupa mambo machache tu. Masanduku yawe mawili na daftari mbili, hisa mbali na mtindi mbali. Kopo litupwe, kinunuliwe kipimo cha kweli. Mkopo kibandani ufe. Na bei ipande iwe 1,800. Hapo tulilia, kwa kuwa tulijua wateja watakimbia. Walikimbia kweli baadhi yao. Tukapunguza kupokea hadi lita 50, tukawa tunauza lita 46. Lakini zipigie hesabu: maziwa 45,000, gharama nyingine zile zile 23,500, jumla 68,500. Mauzo lita 46 kwa 1,800 ni 82,800. Zinabaki shilingi 14,300 kwa siku. Maziwa yamepungua, foleni imepungua, na pesa imeonekana kwa mara ya kwanza! Ile laki tatu yake ilirudi kabla mwezi haujaisha. Bibi wa mbuzi watatu alisema, "Kumbe wamezaa."

Kuna shauri lake moja tulilikataa, na tunalisema ili msifikiri mshauri ni mtume. Alituambia tuache kupokea maziwa ya wanachama wanaoleta lita moja au mbili, hasa bibi zetu wa juu karibu na msitu, kwa kuwa kuwafuata kunakula muda na usafiri. Kwa mahesabu alikuwa sahihi. Lakini mradi ule tuliuanzisha kwa ajili ya hao hao. Tukamwambia hapana. Hakukasirika. Akasema, "Sawa mama, lakini muandike. Mjue wema wenu unawagharimu kiasi gani kwa mwezi, msije mkamtafuta mwizi tena." Tukaandika. Ulikuwa unatugharimu kama shilingi elfu ishirini na mbili kwa mwezi wakati ule. Tukapiga kura kwa mikono, tukakubali kuzilipa. Mpaka leo tunazilipa, ingawa zimeongezeka.

Aidha, ni yeye aliyetufungua macho juu ya mambo ya serikali. Hatukujua kwamba iko Bodi ya Maziwa kwa sheria ya mwaka 2004, wala kwamba mambo ya usalama wa chakula yaliyokuwa chini ya TFDA yalihamia TBS mwaka ule ule wa 2019. Ile Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, inayovitaka vikundi kama hivi vyetu visajiliwe, alitusomea kifungu kwa kifungu, na katiba yetu ya kurasa mbili ikawa ya kurasa tisa. Wengine walisinzia. Lakini mkopo wa halmashauri uliposimamishwa mwaka 2023 na kurudishwa mwaka 2024, sisi tulikuwa na usajili, tuna daftari za miaka mitano, na andiko tulikaa tukaliandika wenyewe kwa mkono. Halina dagaa.

Kwa wenzetu wa vikundi vichanga tunaomba tuseme hivi. Msikimbilie kulipa. Mambo mengi mtayapata bure au kwa gharama ndogo. Afisa mifugo yupo, afisa maendeleo ya jamii yupo, SIDO wapo hapa Moshi, shirika lililoanzishwa tangu mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, na mafunzo yao tumeyapata. Waulizeni hao kwanza. Kulipa kunafaa pale mnapohitaji mtu wa kukaa na biashara yenu ninyi, ndoo zenu, daftari lenu, siku baada ya siku, na ambaye si shemeji wa mtu. Afisa wa kata nzima hawezi kukaa kibandani kwenu siku nne. Na kama mauzo yenu bado ni ya beseni moja la mboga, hizo pesa nunueni daftari na kalamu kwanza.

Mkifika mahali pa kulipa, msimpe pesa zote siku moja. Msimpe ufunguo wa sanduku hata kama ni mtoto wa askofu. Akianza kwa kuwaahidi mkopo au mfadhili, mpeni chai aende. Akiandika maneno msiyoyaelewa, mrudishieni ayaandike upya, ni haki yenu, mmemlipa. Na muwe tayari kwa atakachokuta. Hili la mwisho ndilo gumu kuliko pesa. Sisi tulimwita atutafutie mwizi, akatukuta sisi.

Binti yule hakuweza kufika leo, yuko masomoni zaidi, lakini alituma ujumbe asubuhi akauliza kitu kimoja tu, kama kipimo cha maziwa bado hakijabonyea. Tumekiangalia. Hakijabonyea.

Baada ya hapa Mgeni Rasmi atakabidhiwa zawadi, kisha kuna chakula, ndizi na nyama, na mbege ipo kwa wanaotumia. Mtindi uko kwenye meza ile ya kushoto, na anayeuza ni mweka hazina mwenyewe. Leo pia hakuna kukopa.